Kocha Aliyesema "Bado": Safari ya Shohei Ohtani kutoka Timu ya Shule



Niliombwa nizungumzie namna kijana anavyopanda kutoka timu ya shule hadi ligi ya kulipwa. Nimechagua besiboli, mchezo ambao wengi humu ndani hatuuchezi, na nimechagua mtu mmoja tu, Shohei Ohtani wa Japani. Sikumchagua kwa utajiri wake, ingawa mkataba aliotia saini na klabu ya Los Angeles Dodgers Desemba 2023 ulikuwa wa dola milioni 700 kwa miaka 10. Nimemchagua kwa sababu ya jambo ambalo wanaomsifu huliruka. Akiwa mwanafunzi, katika mashindano makubwa ya shule za nchi yake, hakushinda mechi hata moja. Alifika kwenye uwanja wa fainali za taifa mara mbili, na mara zote mbili alirudi nyumbani baada ya mechi ya kwanza.

Tungempima kwa vikombe, tungesema kijana huyu hana lolote. Ndivyo tunavyowapima wetu. Hoja yangu jioni hii ni kwamba Ohtani alifika alikofika kwa sababu njiani alikutana na watu wazima waliothubutu kumwambia "bado", hata pale ambapo wao wenyewe wangefaidika kwa kumwambia "haya, ingia". Na ilipofika zamu yake ya kuamua, alijua pia siku ya kuacha kusubiri. Hilo la pili nitalifikia.

Kwanza besiboli yenyewe, kwa wale tuliolelewa na soka. Timu moja inarusha, nyingine inapiga, kisha wanabadilishana, zamu tisa. Mrushaji anasimama kwenye kichuguu kilicho katikati na kuurusha mpira mdogo mgumu kwa kasi ya kutisha. Mpigaji, umbali wa mita kumi na nane na ushei, ana chini ya nusu sekunde ya kuamua kama alizungushe gongo au aliache. Akiupiga na kuuvusha uzio wa uwanja, hiyo ni homrani, na anazunguka vituo vyote vinne kwa raha zake. Kurusha na kupiga ni kazi mbili tofauti. Mrushaji wa kulipwa anayeanzisha mechi hufanya kazi yake mara moja kwa siku tano au sita kwa sababu mkono unahitaji kupona, na mpigaji hucheza karibu kila siku. Mtoto mwenye kipaji shuleni hufanya yote mawili, lakini akiingia ligi ya kulipwa huambiwa achague. Babe Ruth, jina ambalo hata wasiojua mchezo huu wamewahi kulisikia, mwaka 1918 alishinda mechi 13 akiwa mrushaji na akapiga homrani 11. Baada ya muda naye akaacha kurusha, na kwa miongo mingi karibu hakuna aliyeyafanya yote mawili kwa kiwango hicho. Ohtani ndiye aliyekataa kuchagua. Au niseme kwa usahihi zaidi, alikutana na watu waliokubali asichague.

Sasa tuje Koshien. Mashindano ya taifa ya besiboli ya shule za sekondari Japani yalianza mwaka 1915, na tangu uwanja wa Koshien ulipofunguliwa mwaka 1924, katika mji wa Nishinomiya, jina la uwanja ndilo limekuwa jina la mashindano. Kila Agosti, katika joto linaloweza kumwangusha mtu mzima, timu 49 zilizoshinda mikoani kwao hukutana pale. Shule zinazoanza mbio hizo ni zaidi ya elfu tatu. Ukifungwa mara moja, umekwisha. Hakuna marudiano wala kundi la pili. Wanaoshindwa hupiga magoti na kuchota udongo wa uwanja kwa viganja, wakautia kwenye vifuko vya viatu na kurudi nao kwao. Mechi zote hurushwa moja kwa moja na shirika la utangazaji la taifa. Kwa wiki mbili mtoto wa miaka 17 anajulikana na nchi nzima, na bibi asiyejua hata idadi ya wachezaji anamlilia.

Fikirini shinikizo la mwalimu anayefundisha timu kama hiyo. Mkuu wa shule anataka fainali. Wahitimu wa zamani wametoa michango ya mabasi, na mji mzima umefunga maduka. Na ana mtoto mmoja anayeweza kurusha mpira kuliko wengine wote. Atamtumia mara ngapi?

Ohtani alizaliwa tarehe 5 Julai 1994 huko Mizusawa, mkoa wa Iwate, kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Japani. Iwate ni mkoa wa theluji na mashamba, na katika besiboli ulihesabiwa kuwa mkoa wa kina mnyonge. Ukanda wote ule wa kaskazini-mashariki, Tohoku, haukuwahi kutoa bingwa wa majira ya joto hadi mwaka 2022, tena bingwa huyo akatoka mkoa jirani wa Miyagi. Baba yake, Toru, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari aliyewahi kucheza besiboli katika timu ya kampuni. Mama yake, Kayoko, alikuwa mchezaji mzuri wa badminton. Watu wa kipato cha kawaida, wenye miili mirefu.

Baba alikuwa pia kocha wa timu ya watoto, na baba kumfundisha mwanawe kuna hatari zake, kama wengi humu mnavyojua. Wakawa na daftari. Mtoto anaandika jioni alichofanya vizuri na alichokosea, baba anajibu kwa maandishi. Katika daftari hilo baba alisisitiza mambo matatu: toa sauti uwanjani, rushiana mpira na wenzako kwa makini, kimbia kwa nguvu zako zote. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kipaji. Ni mambo ambayo mtoto mzembe mwenye kipaji huyaacha kwanza, kwa kuwa anaona hayamhusu.

Mwaka 2010 kijana akaingia Shule ya Sekondari Hanamaki Higashi. Kocha wa pale, Hiroshi Sasaki, alikuwa ametoka kumlea mrushaji mwingine, Yusei Kikuchi, aliyeifikisha shule hiyo fainali ya mashindano mengine ya Koshien, yale ya majira ya kuchipua, mwaka 2009 na kufungwa moja bila, na ambaye baadaye naye alicheza Marekani. Kwa hiyo Sasaki hakuwa kocha wa kubahatisha. Aliletewa mtoto mrefu kama mlingoti, uzito kilo sitini na kitu, mkono wenye kasi ya ajabu. Wengi wetu tungempa mpira siku ileile.

Sasaki alitazama mifupa. Kitaalamu, mfupa wa kijana huwa na sehemu laini karibu na ncha, na huko ndiko urefu unakoongezeka. Sehemu hiyo ikifunga, ukuaji umekwisha. Kabla haijafunga, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Mifupa ya Ohtani ilikuwa bado wazi. Kocha akaamua kwamba mwaka wa kwanza kijana atacheza zaidi nyuma uwanjani, kwenye nafasi ya kudaka mipira mirefu, atakula, atalala, atakua. Kurusha kungekuja polepole. Hiyo ndiyo "bado" ya kwanza, na ilitolewa na mtu ambaye ajira na sifa yake vilitegemea ushindi.

Mwaka huohuo kocha aliwapa wachezaji karatasi ya kupanga malengo, mraba wenye vyumba 81. Katikati unaandika lengo lako kuu, kuzunguka hilo unaandika mambo manane yanayolibeba, na kila moja kati ya hayo unalivunja tena katika mambo manane. Karatasi ya Ohtani imechapishwa mara nyingi. Katikati aliandika kwamba achaguliwe wa kwanza na klabu nane katika uteuzi wa wachezaji wapya. Kuzunguka hapo kuna mambo unayoyatarajia: mwili, kasi ya kilomita 160 kwa saa, kulenga, nguvu ya akili. Chini ya mwili ameandika chakula: bakuli saba za wali usiku na tatu asubuhi. (Wazazi wenye watoto bwenini wataelewa gharama yake.) Lakini kipo chumba kimoja ambacho mimi hukirudia, nacho kimeandikwa "bahati". Chini ya bahati kijana wa miaka 16 aliandika kuokota takataka, kusalimia watu, kusafisha chumba, kutunza vifaa, kuwa na heshima kwa waamuzi, kusoma vitabu. Hakuiacha bahati mikononi mwa mganga. Aliigawa katika kazi za kila siku. Na bwenini alipangiwa zamu ya kusafisha vyoo, kwa amri ya kocha, asionekane nyota kuliko wenzake.

Nimeona shule nyingi zikiibandika karatasi ile ukutani kama hirizi. Karatasi peke yake haifanyi kitu. Ilifanya kazi kwa sababu mtu mzima aliikagua, akauliza wiki hii umefanya kipi, na kwa sababu ratiba ya shule iliacha nafasi ya kula bakuli kumi.

Tarehe 11 Machi 2011, mwishoni mwa mwaka wake wa kwanza, tetemeko na tsunami vilipiga pwani ya Tohoku. Hanamaki iko bara, maji hayakufika, lakini mkoa wa Iwate ulipoteza maelfu ya watu, na timu ilikuwa na wachezaji waliotoka pwani. Majira hayo ya joto shule yake ilifuzu kwenda Koshien ikiwa imebeba huzuni ya mkoa mzima. Kama kuna mwaka ambao kocha angesamehewa kumchosha mtoto kwa ajili ya heshima ya watu wake, ni ule.

Ohtani alikuwa ameumia. Ilikuwa palepale penye mfupa laini, upande wa kushoto wa nyonga. Katika mechi dhidi ya shule ya Teikyo hakuanza kama mrushaji. Aliingizwa kati ya mchezo, akarusha hadi kilomita 150 kwa saa, na timu ikafungwa 8 kwa 7. Baada ya hapo akaondolewa kwenye kichuguu, na majira ya baridi yote hakurusha katika mechi.

Sasa angalieni kilichotokea, maana ndicho kiini cha mhadhara huu. Kijana aliyekatazwa kurusha alibaki na gongo. Majira yale ya baridi, wakati theluji imejaa nje, alikula, akaongeza misuli, akapiga mipira. Ohtani mpigaji, yule anayewatia hofu warushaji wa Marekani leo, kwa kiasi kikubwa alizaliwa katika miezi ambayo Ohtani mrushaji alikuwa amezuiwa. Kocha angemlazimisha kurusha akiwa na maumivu, tungekuwa na mrushaji mwenye nyonga mbovu. Sidhani kama tungekuwa na kitu kingine.

Machi 2012 Hanamaki Higashi walirudi Koshien, wakapangwa na Osaka Toin, shule ya Shintaro Fujinami, mrushaji aliyesifiwa kuliko wote mwaka ule. Ohtani alimpiga Fujinami homrani. Kisha akaonyesha kwamba mkono uliokaa miezi bila mechi haurudi siku moja: aliwatoa wapigaji 11, lakini akawapa wapinzani vituo vya bure mara 11. Wakafungwa 9 kwa 2. Osaka Toin walitwaa ubingwa wa majira hayo na wa majira ya joto yaliyofuata.

Julai, katika nusu fainali ya mkoa wa Iwate, mpira wake ulipimwa kilomita 160 kwa saa. Hakuna mwanafunzi wa sekondari nchini Japani aliyekuwa amefika hapo. Kile chumba cha karatasi kikajazwa. Wiki moja baadaye, katika fainali ya mkoa, shule ya sekondari ya Chuo Kikuu cha Morioka iliwafunga 5 kwa 3, huku mpira mmoja wa homrani ukipita karibu sana na nguzo ya mpaka na Hanamaki wakipinga kwamba ulikuwa nje. Mwamuzi alikataa. Hapo ndipo besiboli ya shule ya Shohei Ohtani ilipokwisha, hata Koshien ya majira hayo ya joto hakufika. Kumbukeni alichoandika juu ya heshima kwa waamuzi.

"Bado" ya pili ilitoka kwa mtu mwingine. Mwezi Oktoba 2012 Ohtani alitangaza kwamba hataki ligi ya Japani, anakwenda moja kwa moja Marekani. Katika ratiba ya maisha aliyojiandikia, umri wa miaka 18 ulikuwa mwaka wa kuingia ligi kuu ya huko. Klabu nyingi zikamheshimu zikakaa kando. Moja, Hokkaido Nippon-Ham Fighters chini ya kocha Hideki Kuriyama, ikamteua hivyohivyo.

Kilichofuata kinafaa kusomwa na kila kiongozi wa klabu. Fighters hawakwenda na bahasha. Walikwenda na kijitabu cha kurasa kama thelathini, kilichoitwa kielekezi cha njia ya ndoto yake, na ndani yake walikuwa wamechunguza vijana wa Japani na wa Korea Kusini waliokwenda nje moja kwa moja kutoka shule, wakiwalinganisha na waliokomaa nyumbani kwanza. Hawakumwambia aache ndoto ya Marekani. Walimwonyesha, kwa mifano, kwamba ligi za chini za kule humeza vijana wengi, na kwamba njia ya kupitia nyumbani huenda ikawa fupi kuliko ile inayoonekana fupi. Juu ya hilo wakamwahidi jambo ambalo hakuna klabu ya Marekani iliyokuwa tayari kumwahidi kijana wa shule: atarusha na atapiga. Desemba akakubali.

Magwiji wa zamani wa Japani walikasirika. Walisema ni dharau kwa mchezo, kwamba kijana atakosa vyote. Mwaka wa kwanza, 2013, ungeweza kuwapa haki: ushindi mara tatu kama mrushaji, homrani tatu. Mwaka 2014 alishinda mechi 11 na kupiga homrani 10, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ligi hiyo. Mwaka 2016 alishinda mechi 10, akapiga homrani 22, akarusha mpira wa kilomita 165 kwa saa, klabu ikawa bingwa wa Japani na yeye mchezaji bora wa ligi yake. Wakosoaji wengi walinyamaza, wachache waliomba radhi, na mmoja mmoja bado wananung'unika hadi leo. Ndivyo wazee wa mpira walivyo kila mahali.

Nimesifu subira kwa muda mrefu, na najua humu ndani yupo anayesema moyoni: mvumilivu hula mbivu. Methali nzuri, lakini haisemi siku ya kuchuma, na embe lililoachwa mtini kwa ajili ya subira huliwa na popo. Mwishoni mwa mwaka 2017 Ohtani alikuwa na miaka 23. Kanuni za Marekani zilisema mchezaji wa kigeni aliye chini ya miaka 25 hawezi kusaini mkataba mkubwa. Akisubiri miaka miwili tu, wataalamu walikadiria angepata dola milioni 200 au zaidi. Hakusubiri. Alikwenda Los Angeles Angels kwa malipo ya kusaini ya dola milioni 2.3 na mshahara wa kima cha chini cha ligi. Mwili ulikuwa umekomaa, kazi ilikuwa imejulikana, na sababu pekee ya kubaki ilikuwa pesa. Aliona hiyo haitoshi. Binafsi nauhesabu uamuzi huo kuwa wa busara kuliko mkataba wa milioni 700.

Ya Marekani nitayapitia haraka, yanajulikana. Mazoezi ya kabla ya msimu wa 2018 yalikuwa aibu: alipata mapigo mazuri manne kati ya majaribio 32, na wasaka vipaji wakanukuliwa wakisema kwamba anapiga kama mtoto wa sekondari. Mwisho wa mwaka alikuwa mchezaji mpya bora wa ligi. Mwaka 2021 alipiga homrani 46, akashinda mechi tisa, akatangazwa mchezaji bora kwa kura zote. Machi 2023, huko Miami, akiwa chini ya Kuriyama yuleyule, alifunga fainali ya kombe la dunia la besiboli kwa kumtoa Mike Trout, mchezaji mwenzake wa Angels, Japani ikiifunga Marekani 3 kwa 2. Mwaka 2024, akiwa Dodgers, alipata homrani 54 na kuiba vituo 59. Tarehe 17 Oktoba 2025, katika mechi moja ya nusu fainali dhidi ya Milwaukee, alirusha zamu sita bila kuruhusu pointi, akawatoa wapigaji 10, na akapiga homrani tatu. Hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo.

Katika ile ratiba ya maisha aliandika kwamba atakuwa bingwa wa Marekani akiwa na miaka 26. Alikuwa bingwa akiwa na 30.

Sitaki mtoke hapa mkidhani subira ni kinga. Kiwiko cha kulia cha Ohtani kilifanyiwa upasuaji Oktoba 2018 na tena Septemba 2023. Kurusha mpira kwa kilomita 160 ni kazi ambayo mwili wa binadamu haukuumbiwa, na hakuna kocha awezaye kuifanya iwe salama. Anachoweza ni kutoumaliza mkono huo ukiwa na miaka 16 kwa ajili ya kombe la mkoa.

Na wapo wanaoumaliza. Majira ya kuchipua mwaka 2013, Tomohiro Anraku, mwenye miaka 16, alirusha mipira 772 katika mashindano mamoja ya Koshien. Mwaka 2018 Kosei Yoshida, wa shule ya kilimo ya mkoa wa Akita, alirusha 881 pale Koshien, na ukijumlisha mechi za mkoa inapita 1,500 katika majira hayo ya joto. Taifa lilimpenda, na timu yake ikafungwa fainali 13 kwa 2. Wala yeye wala Anraku hakufika katika ligi ya kulipwa pale palipotabiriwa. Siwezi kusimama hapa na kusema kwamba mirusho ile ndiyo sababu pekee. Lakini shirikisho la besiboli la shule liliona ya kutosha: kuanzia 2020 mwanafunzi haruhusiwi kuvuka mirusho 500 kwa wiki. Kwangu mimi hata 500 ni mingi.

Mwaka mmoja kabla ya kanuni hiyo, Iwate ilitoa kisa kingine. Roki Sasaki, asiyehusiana na kocha Sasaki, alikuwa na miaka tisa tsunami ilipomchukua baba yake na babu na bibi yake huko Rikuzentakata. Alikataa shule kubwa, akabaki na marafiki zake katika shule ya serikali ya Ofunato. Mwaka 2019 alirusha kilomita 163 kwa saa, akaivunja rekodi ya Ohtani. Katika mashindano ya mkoa alirusha mipira 194 katika mechi moja ya zamu 12, siku tatu baadaye 129 katika nusu fainali, na kesho yake ikawa fainali. Ofunato hawakuwa wamefika Koshien kwa miaka 35. Wapinzani walikuwa Hanamaki Higashi, chini ya Hiroshi Sasaki.

Kocha wa Ofunato, Yohei Kokubo, hakumpanga. Si kurusha, si kupiga. Kijana alikaa kwenye benchi mchezo mzima na timu ikafungwa 12 kwa 2. Simu za matusi zikamiminika shuleni. Wachambuzi waligawanyika kwa wiki nzima: amewanyima wachezaji wengine ndoto yao, amemlinda mtoto wa watu, hakumshauri mwenyewe. Hoja hizo si za kupuuzwa. Wale wavulana wengine wanane nao walikuwa na Koshien moja tu maishani.

Klabu ya Chiba Lotte Marines ilimchukua Roki Sasaki, na mwaka mzima wa 2020 haikumrusha katika mechi yoyote rasmi, hata ya timu ya pili. Tarehe 10 Aprili 2022, akiwa na miaka 20, alitoa wapigaji wote 27 wa timu pinzani bila hata mmoja kukanyaga kituo, 19 kati yao kwa kuukosa mpira. Wiki iliyofuata alikuwa anaelekea kurudia maajabu hayo, zamu nane bila mtu kufika kituoni, na kocha akamtoa kwa sababu mkono ulikuwa umechoka. Tangu 2025 yuko Dodgers pamoja na Ohtani.

Yanatuhusu nini sisi? Mchezo wenyewe umekwisha kufika kwetu. Wajapani wameuleta katika shule zetu kadhaa, Azania ya Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa za mwanzo, na mashindano ya taifa ya hapa Tanzania yamepewa jina la Koshien. Uganda wametutangulia: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kwenye mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, na mwaka 2022 Dodgers walisaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani, mwaka 2017.

Lakini mwaka 2011, mwaka mmoja kabla ya Lugazi, timu nyingine ya Uganda ilifuzu na haikusafiri. Ilinyimwa viza kwa kasoro za nyaraka za umri. Hapo nawatazama nyinyi walimu wa michezo, na najitazama mimi. Tunawajua vijeba wa UMISSETA, mashindano yetu ya shule za sekondari. Tunawajua mamluki wanaovalishwa sare wiki ya mashindano. Kocha asiyejua umri halisi wa mchezaji wake hajui kama mifupa yake imefunga, na aliyeghushi umri huo amekwisha kujinyima haki ya kusema "bado". Tunao pia watoto wa halali tunaowachezesha soka mechi tatu kwa siku tatu, goti limevimba, kwa kuwa mgeni rasmi anakuja na ngao iko mezani.

Nawaomba mambo ya kawaida. Kila mchezaji awe na daftari lenye tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa, mechi alizocheza na maumivu aliyoyasema. Mkuu wa shule asimpime kocha kwa kombe la mwaka mmoja. Mzazi ukimwona kocha amemweka mwanao benchi kwa sababu ameumia, usimpigie simu ya matusi, mshukuru. Na daktari akiandika wiki sita za mapumziko, ziwe sita, hata kama fainali ni wiki ya tano.